Foto ya Mama Ndaya Isiyo na Rangi

Mpaka leo nikipita kwenye avenyi yetu hapa Manika na telefone mkononi, lazima mtu aniulize, "Nadège, leo unatuzikia nani?" na wote waliokaa mbele ya duka wanacheka, na mi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, aibu ni yangu, na afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa wale wanaoongeza chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi, mtaona).

Kazi yangu ni foto. Nina kibanda karibu na soko, napiga foto ndogo za vitambulisho, nafanya fotokopi, natengeneza kadi za harusi na za vilio, na mkate unapatikana. Lakini siku yangu hasa ni Jumapili. Siku za kazi Kolwezi ni vumbi, malori ya madini yanapita na kila kitu kinakuwa chekundu hata nguo zilizoanikwa, halafu Jumapili misa ya kwanza ikiisha batu wanatoka kanisani utafikiri vumbi halijawahi kuwaona: batata, yaani akina baba, na mashati meupe kabisa, viatu vinang'aa, bamama wamefunga vitambaa vya kichwa vya ghorofa mbili na wanatembea polepole makusudi ili uone mshono wa mgongoni. Nawapenda sana watu hawa, sitawaficha. Nawapiga foto, nyingine naichorea maua pembeni kwa kidole, naiweka kwenye statu yangu ya telefone wote waione, na kabla jua halijashuka kila mwenye sura yake ameshaichukua.

Sasa katika wote hao, wa kwanza ni Mama Ndaya. Ni jirani yetu, mjane, karibu miaka sabini, babu yake ndiye aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi na yeye amezaliwa hapa hapa. Anatembea na mwavuli hata kama hakuna jua wala mvua, kwa sababu mwavuli unamkaa vizuri. Msichana akitaka kununua kitenge cha sherehe anampitia kwanza, naye anakishika kwa vidole viwili, anakigeuza upande wa ndani, halafu anasema ndiyo au hapana, na hakuna anayebisha. Ila foto alikuwa hataki. Miaka yote nilimbembeleza, jibu lilikuwa lile lile: "Foto inaonaka paka makosa." Makosa tu, basi.

Basi fikirieni Jumapili hiyo, nimetoka misani, nasikia naitwa kwenye lango lake.

"Nadège, mutoto yangu, kuya unipige foto moja ya muzuri. Itaenda Tenke."

Niliposikia Tenke nikajua ni jambo kubwa. Tenke anakaa mudogo wake, Mama Kapinga, na avenyi nzima inajua kwamba hao wawili hawasemezani tangu mama yao alipofariki, miaka mitatu sasa, kwa ajili ya kitenge. Marehemu aliacha kitenge kimoja kizima cha zamani, kijani chenye ndege wa manjano, hakijawahi kuguswa na mkasi, na Mama Ndaya kwa ukubwa wake akakichukua, na Kapinga akamwambia mbele ya ukoo wote kwamba yeye anachukuaka byote, akapanda gari, na tangu siku ile akipigiwa telefone haitiki. Kwa hiyo foto hiyo haikuwa ya mapambo. Ilikuwa ni dada mkubwa anayetaka kurudishiwa mudogo wake na hana njia nyingine ya kubisha hodi.

Akakaa kwenye kiti mbele ya ukuta, pembeni ya mlango wake wa bluu. Amevaa kitenge chenyewe, kijani cha ndege, kimeshonwa blauzi na sketi, kimekaa mwilini mpaka nikasahau kupiga. Kwenye magoti aliweka nguo nyingine imekunjwa mara nne, mikono yake miwili juu. (Nilidhani anaficha magoti. Sikuuliza. Hapo ningeuliza tu, leo nisingekuwa na mkasa wa kusimulia.)

"Nione yote," akasema, "toka kichwa mpaka ku magoti. Usikate kitu. Utume vile iko."

"Ndiyo, mama," nikajibu, na hiyo 'ndiyo, mama' ndiyo iliyoniponza.

Akanipa namba ya Kapinga kwenye kipande cha karatasi, akaingia ndani kuvua, vitu vyake vya thamani akavirudisha sandukuni, akavaa vya kila siku, akapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, kwenda Mutoshi kumwona binti yake wa ubatizo aliyejifungua. Telefone yake ni ile ndogo ya kupigia tu, na huko Mutoshi mtandao unakuja unapotaka.

Nikafika kwangu, nikaiangalia foto. Nzuri, lakini (mnajua sisi tunaojiita mafundi) nikaanza kuona vitu: beseni chini, na ile nguo iliyokunjwa magotini inaonekana kama kifurushi cha safari. Nikakata, kuanzia kifuani kwenda juu. Halafu ile kijani ikawa inagombana na bluu ya mlango, nikasema ngoja nijaribu tu kutoa rangi, nione. Jamani, uso wa Mama Ndaya ukatokea. Kila mstari, yale macho yanayopima kitenge, kile kidevu alichokiinua kidogo. Nikajiambia Nadège, hujawahi kufanya kitu kizuri namna hii. Na kwa sababu furaha haina breki, nikachora maua meupe kwenye pembe mbili, nikazungusha mstari mwembamba, nikaandika chini "Mama Ndaya, hakuna kama yeye," nikamalizia na kale kamoto kadogo ambako vijana wanakaweka wakitaka kusema mtu amevaa akawaka. Nikatuma Tenke bila neno lolote, foto ijisemee yenyewe. Nikaweka kwenye statu. Nikaacha telefone kwenye chaji bila sauti, nikaenda kusukwa.

Saa tatu nzima nilikaa kwa msusi, meshi, zile nywele za kuongezea, zikaisha kichwa kikiwa nusu, upande wa kushoto umelala vizuri, upande wa kulia umesimama wote. Nikasema nitakimbia nyumbani kuchukua nyingine. Nafika mwanzo wa avenyi yetu, nakuta matawi yamewekwa barabarani. Matawi barabarani kwetu yana maana moja, kuna kilio. Nikajifunga kitambaa kiunoni, nikaanza kulia kabla sijajua namlilia nani, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, huwezi kuingia kwenye kilio na macho makavu.

Na lazima niseme, avenyi yetu inajua kufiwa. Uwanja wa Mama Ndaya ulikuwa umeshafagiliwa, turubai limefungwa, viti vimetoka kila nyumba, sufuria mbili kubwa za bukari, ugali wetu, ziko motoni, bamama wa kwaya wamekaa kwenye mikeka na vitambaa vyao vinavyofanana. Yote hayo ndani ya saa tatu. Nikamsogelea mmoja.

"Nani alikufa?"

"Mama Ndaya."

"Mama Ndaya gani?"

"Beko bangapi?" akanijibu, halafu akaniangalia vizuri. "Si njo weye uliweka foto?"

Machozi yangu yakakauka hapo hapo. Foto isiyo na rangi, maua pembeni, moto chini. Mi mwenyewe ndiye ninayetengeneza foto za marehemu wa Manika yote, ni maua yale yale, ni mstari ule ule. Mkono wangu ulifanya kama ulivyozoea na kichwa changu hakikuwepo. Tata Kasongo, shefu wa avenyi, aliiona baada ya misa ya pili, akaja kugonga kwa Mama Ndaya, mlango umefungwa, akampigia, haipatikani, akanipigia mi, siitiki. Mtu mwenye akili zake angefikiri nini? Matawi aliyakata mwenyewe.

Nilikuwa natafuta namna ya kumvuta pembeni nimwambie, ndipo gari la kukodi likasimama kwenye matawi na Mama Kapinga akashuka. Kanga mgongoni, viatu mkononi, sauti ilifika kabla yake.

"Yaya, lamuka," alikuwa analia, akimwita dada yake mkubwa aamke. "Miaka tatu uliniita sikuitika, leo njo minakuita. Kile kitenge ya mama ikuwe ya kwako yote, sitaki hata kipande. Lamuka tu unigombeze."

Akajitupa kwenye mkeka. Uwanja mzima ukalipuka kwa kilio, na mi nikiwa na nusu kichwa changu sikuweza kufungua mdomo. Mngeweza nyinyi?

Haikupita muda, taksi-moto ikasimama kule kwenye matawi. Akashuka Mama Ndaya na mwavuli wake. Akaona matawi, akakunja mwavuli, akajifunga kitambaa kiunoni, akaingia analia kwa adabu zake zote kumlilia jirani asiyemjua bado. Wa kwanza kumwona alikuwa mama mmoja wa kwaya, mnene, wa heshima, ambaye sijui alirukaje benchi lililokuwa nyuma yake. Kilio kikakatika kama redio umeme ukienda. Tata Kasongo akasogea hatua moja, kofia kifuani.

"Mama," akasema polepole, "uko huku ama uko kule?"

"Niko kwangu. Nani alikufa?"

Tata Kasongo akaangalia viatu vyake.

"Ni weye, mama."

Kapinga alikuwa ameshasimama. Akamshika dada yake uso, akamshika mabega, akacheka, akalia, na mi nikapumua nikasema Mungu ni mkubwa, yameisha. Hayakuisha. Mikono yake ikashuka, uso ukabadilika.

"Kumbe ulinidanganya," akasema. "Juu ya vile siitikaka telefone, ukajiua na foto ili nikuye. Nililia toka Tenke mpaka hapa, yaya."

"Mi sikukuita na uongo," akasema Mama Ndaya, na kile kidevu kikainuka, na nikajua kwamba huyu hatasema neno la pili. Kapinga akachukua begi lake. Gari lilikuwa bado linasubiri kwenye matawi, na alikuwa analiendea, na kila mtu aliona kwamba akipanda safari hii ndiyo imekwisha, miaka mitatu itakuwa kumi.

"Ni mi," nikasema.

Watu wote wakageuka. Nikasimama mbele ya avenyi nzima na kichwa changu cha pande mbili, nikaeleza: kwamba niliambiwa nitume foto vile ilivyo, kwamba nilitoa rangi kwa sababu niliona inapendeza, kwamba maua yalikuwa ya mapambo.

"Na ule mushumaa?" akauliza Tata Kasongo.

"Si mushumaa, tata. Ni kamoto. Maana yake amevaa vizuri."

"Mi niliona mushumaa," akasema, na nyuma yake bamama wote wa kwaya wakaitikia kwamba ulikuwa mushumaa.

Nikakimbia nyumbani, nikachomoa telefone (simu zilizokosa kujibiwa sikuthubutu kuzihesabu), nikarudi, nikamfungulia Kapinga foto yenyewe, yenye rangi, nzima. Aliichukua kwa hasira. Akaona kijani, akaona ndege wa manjano, mdomo ukakaza. Halafu akaikuza kwa vidole viwili, akashuka chini mpaka magotini, akakaa hapo.

"Iyi yenye iko ku magoti ni nini?"

Mama Ndaya alikuwa anaangalia pembeni. "Ni nusu. Niliikata mbili. Yangu nilishona. Hiyo ni ya kwako. Nilitaka uione kwanza, mbele ya kukuita."

Kapinga akakaa kwenye mkeka ule ule aliomlilia dada yake, begi mapajani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Uliikata muzuri, yaya? Ndege haikukatwa kichwa?"

"Nilipita katikati ya bandege," akasema Mama Ndaya. "Hata moja haikuumia."

Akaingia ndani, akatoka na kile kipande, akamwekea mudogo wake magotini. Mi hapo nililia kweli, si kwa adabu. Gari la Tenke likaambiwa liende, bukari ikaliwa na watu wa kilio ambacho hakikuwepo, na kwaya kwa kuwa ilishavaa ikaimba nyimbo za shukrani mpaka Tata Kasongo mwenyewe akacheza, mwavuli wa Mama Ndaya mkononi.

Nilipopiga magoti kumwomba Mama Ndaya msamaha, hakunigombeza, na ingekuwa afadhali. Aliniangalia kwa yale macho ya kupima kitenge.

"Mi na mukasi nilipita katikati ya bandege yote salama," akasema. "Weye na kidole moja tu ukakata mudogo yangu." Halafu akanishika ule upande wa nywele uliosimama. "Siku yangu ikifika kweli, utaweka ile ya rangi. Usisahau."

Sijasahau. Iko kwenye telefone yangu, nzima, na ninaomba ikae humo miaka mingi bila kazi. Kale kamoto nimekaacha kabisa. Na sasa kabla sijagusa foto ya mtu yeyote, hata ya mtoto, hata ya kitambulisho, namuuliza kwanza: mama, tata, hicho ulichoshika mikononi ni nini?