Kamba Tatu za Krismasi

Tangu apunguzwe kazi kwenye kiwanda cha pamba, mzee Luhaga wa Mkolani alikuwa akishona katambuga, viatu vya matairi. Krismasi ile aliwashonea wajukuu zake watatu wa Bukoba, kila mmoja kwa kamba yake ya kipimo, yenye fundo panapoishia kisigino. Kamba hizo alizipima walipomtembelea mara ya mwisho, akazitundika kwenye misumari mitatu ukutani juu ya kitanda chake.

Bandarini akamkabidhi furushi la katambuga, kila jozi imefungwa kwa kamba yake, Mama Jovitha, jirani wa binti yake, aliyekuwa akisubiri meli ya kurudi Bukoba. Mama huyo akachungulia ndani, akaangua kicheko.

"Hizi za nani, babu? Angela sasa ananipita mimi kimo! Ulimpima lini?"

Luhaga akahesabu kimoyomoyo. Miaka mitano.

"Si juzi tu," akasema.

Akazitoa katambuga zote, akabaki na kamba. Akayafungua mafundo polepole.

"Basi wapelekee hizi. Wapime upya, halafu wazilete wenyewe."

"Wenyewe?"

"Eeh, mama. Nitawasubiri."

Alipofika nyumbani, alizitundika katambuga kwenye misumari ile ile mitatu.