Unga wa Bangili

Baba yangu alikuwa fundi wa injini za boti pale Katonga, kando ya ziwa. Fundi hodari, na mtu mbaya. Asiyependa kusikia azibe masikio.

Mwaka ule boti ya kijiji chetu cha ujamaa ilikufa bushi, kile kipete cha shaba kinachoishika shafti isiyumbe. Vipuri hakuna. Mwenyekiti akahubiri kujitegemea, na baba akaropoka mkutanoni kwamba ataitengeneza mwenyewe, kwa unga. Alipiga tupa waya chakavu za shaba mpaka zikawa unga, akachanganya na unga wa bati, akaushindilia kwa jeki ndani ya bomba, akauoka kwenye kopo lililojaa vumbi la mkaa, chembe zishikane bila shaba kuyeyuka. Ikitoka, bushi hulowekwa kwenye oili, ikainywa. Ile ya kwanza ilimomonyoka kama andazi la juzi. Watu wakacheka. Baba hakuwa mtu wa kuchekwa.

"Nataka shaba safi," alisema, macho kwenye mkono wa mama.

Mama alitoka ng'ambo, Kongo. Bangili ile nene ya shaba alivishwa na mama yake angali msichana, kama wasichana wote wa kwao. Mkono ukanenepa, haikuvulika tena. Wakajaribu sabuni, wapi!

"Niachie, baba watoto," mama alimsihi. "Nataka kuzikwa nayo, basi."

Baba akaubana mkono wake kwenye jiliwa, lile koleo la mezani la kubania vyuma, akaanza kuipiga tupa bangili. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Buzebazeba, nimekuja kuwasalimu tu. Nikamrukia: "Baba, huyo ni mtu!" Akanisukuma nikaanguka chali. Na yeye huyo akirukiwa na cheche, ufuko mzima utamsikia. Mkuki kwa nguruwe! Tupa ikateleza, damu ikatoka.

"Usinimwagie damu!" akafoka. "Unga ukilowa haushikani!"

Mama akamwomba radhi. Loh! Akaomba radhi, akajifuta kwa kanga, akatulia ili kazi isiharibike. Nilimchukia baba siku ile, na mpaka leo sijaacha.

Bushi ile ilishika. Boti ikaenda Kagunga ikarudi, watu wakashangilia, mwenyekiti akamsifu baba kwamba huyu ndiye mwana wa nchi. Vijiji jirani vikaanza kuleta injini zao mbovu. Baba akiwa anakula akauliza ni nani wengine ufukoni waliooa Kongo.

Mama ndiye aliyemtajia nyumba.