Mkono Unaonyamazisha Ngoma

Walisema sitaweza, na walinisema usoni, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Bwaise, hapa Kampala, hawahangaiki kumsengenya mtu ambaye yupo mbele yao.

"Umekaa Nairobi muda wote huo ukisomea ngoma?" shangazi yangu aliniuliza wiki niliyorudi. Aliishika diploma yangu kwa ncha za vidole, kama aliyeuziwa samaki asiyemwamini. "Ngoma, mwanangu? Kwani hapa kwetu hazipo?"

"Ni tiba ya muziki, shangazi. Nitawasaidia vijana walioumizwa."

"Kwa sindano?"

"Kwa muziki."

"Haya. Wakipona, niite nije nicheze."

Wa pili alikuwa fundi chuma wa Katwe, rafiki wa marehemu baba. Yeye alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Banange! Huyu mutu anataka kuponya watoto na kelele! Kelele si tunayo hapa bure?" Wa tatu alikuwa Mkenya anayefanya kazi ya stoo kule Nakawa na kuongoza kwaya siku za Jumapili. Huyo hakucheka. Alinihurumia, jambo ambalo lilinikera zaidi. "Ndugu yangu," alisema, "ungeongezea na cheti cha umeme wa magari, angalau ungekula."

Sikuwajibu. Mtu aliyeosha sufuria za hoteli mchana na kusoma jioni, aliyejifunza kinanda kwenye karatasi iliyochorwa vibonye kwa sababu kinanda chenyewe hakuwa nacho, kisha akawapita darasani watoto wa watu wenye vinanda sebuleni, mtu huyo hana haja ya kujibu. Diploma niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika pale ambapo kila anayeingia kwangu lazima aione. Bado ipo.

Nyumba moja ya hifadhi, nje kidogo ya jiji, ilinikubali nifanye kazi na vijana wake wakati wa likizo. Chumba walikuwa nacho, vyombo hawakuwa navyo. Basi nikarudi kwa wale wale watatu walionicheka na kunihurumia, maana sikuwa na wengine. Na hapo nataka niwatendee haki: wote watatu walinipa. Mkenya aliniazima kinanda cha umeme na spika ya kwaya. Fundi wa Katwe alinikatia vyuma vya urefu mbalimbali, akavigongagonga, akavikwangua kwa tupa mpaka kila kimoja kikatoa sauti yake. "Ni vya kuazima," alinionya. "Chuma ni chuma."

Shangazi ndiye aliyekuwa mgumu. Yeye ni mwimbishaji wa kikundi cha akina mama wa Kinubi wanaopiga ngoma harusini, na ngoma ya kikundi hicho si ya mwanamume. Wanawake ndio wenye nayo. Mwimbishaji akiinua kiganja, ngoma hunyamaza papo hapo, hata kama bwana harusi mwenyewe ndiyo kwanza ameingia.

"Nakupa kwa sharti," alisema. "Huipigi mpaka awepo mwanamke wa kukuinulia mkono. Na irudi kabla ya harusi ya binamu yako."

"Sawa, shangazi."

"Umesikia au umeitikia tu?"

Nilikuwa nimeitikia tu.

Siku ya kwanza nilipanga kuwafurahisha. Vijana wa Kampala nawajua, mimi ni wa hapa; muziki usiotikisa kifua wanauona ugonjwa. Nikaunganisha spika, nikafungulia, nikaanza na kinanda kwa mkono mmoja na ngoma kwa mwingine, kitu ambacho si kila mwenye diploma anakiweza. Wavulana wawili waliruka wakaanza kucheza kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza. Wasichana wakavamia vyuma. Nikajisemea, haya, wako wapi wale wa kusema?

Mlezi wa nyumba, mama mnene mpole anayetembea na funguo shingoni, akaja akaninong'oneza. "Mwalimu, mmoja ametoka."

Nilimkuta nyuma, kwenye kamba za nguo, amejibana kati ya mashuka mabichi, viganja masikioni. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitano. Mlezi alinieleza jambo moja tu kumhusu, nalo halikuwa siri. Mshona nguo mmoja wa Katwe alikuwa tayari kumfundisha kazi, na binti aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alishajishonea gauni kwa mkono kutokana na pazia kuukuu. Lakini chumba cha ushonaji kimepakana na mafundi chuma. Asubuhi aliyopelekwa, nyundo zilipoanza alikimbia bila viatu hadi barabara kuu. Mshonaji alisema atamwekea nafasi mpaka likizo iishe, basi.

Tulifundishwa tusimuulize mtu kilichompata, tumngoje. Nikazima spika, na sikuiwasha tena. Kesho yake niliichukua ngoma ya shangazi nikaenda nayo kule kwenye kamba za nguo, nikaiweka katikati yetu, nami nikakaa mbali kidogo.

"Sitaipiga," nilimwambia. "Si yangu. Ni ya wanawake wa kwetu."

Akaiangalia.

"Kwetu mwanamke akiinua mkono hivi, mpigaji ananyamaza. Awe nani, awe amefika wapi. Mimi nimekatazwa kuipiga bila mwanamke wa kuniinulia mkono, na jana niliipiga hivyo hivyo. Shangazi yangu akijua, hata diploma haitaniokoa."

Hakucheka, lakini viganja vilishuka kidogo kutoka masikioni. Nikanyanyua mkono wangu juu ya ngoma. Kabla haujagusa ngozi, kiganja chake kilikuwa kimeshainuka.

Nikaacha.

Nikanyanyua tena. Akainua tena. Nikaacha. Wavulana walikuwa dirishani. "Mwalimu, leo umefungwa bao!" mmoja akapiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko. Niliwaachia wacheke.

Mchezo huo uliendelea siku nyingi. Mimi niliyepigiwa makofi kwenye kumbi za Nairobi nilipata pigo moja, kiganja. Mapigo mawili, kiganja. Kuna asubuhi nilikuwa nimeandaa mdundo mzuri mno, wenye kona, pale unapogeuka ghafla, ambayo niliitunga mwenyewe, nikakatishwa kabla ya kuifikia. Iliniuma, sikatai. Lakini niliona kitu ambacho wengine wasingekiona: kila akinisimamisha, mabega yake yalishuka. Hakuwa akiukataa muziki. Alikuwa akihakikisha.

Akaniachia mapigo matano, kumi. Akahamia karibu. Siku moja aliniacha niende mpaka kwenye ile kona yangu na kuipita, na nilipotazama mikono yake nikaona imelala mapajani, kidole kimoja kinafuata mdundo. Nilimaliza mwenyewe, polepole.

"Ile redio haikuwa hivi," alisema.

Nikaondoa mikono kwenye ngoma.

"Pale nilipokuwa nakaa. Alikuwa anaifungua mpaka mwisho kwanza, majirani wasisikie. Ndiyo anaanza kunipiga." Alikuwa akiipapasa ngozi ya ngoma kana kwamba anaikagua. "Mimi nilikuwa nainua mkono pia, mwalimu. Redio haioni."

Nilimwambia ameniambia jambo kubwa na kwamba namwamini. Nikamuuliza kama mlezi anaweza kulijua pia, ili asilibebe peke yake. Akafikiri, akakubali. Kisha akaniuliza kama naweza kurudia ile sehemu yenye kona. Niwaambieni ukweli, hakuna ukumbi ulionisifu vizuri kuliko hapo.

Baada ya hapo aliingia chumbani na wenzake. Tuliweka sheria kuwa yeyote anaweza kuinua mkono, na wote wananyamaza, bila kuulizwa kwa nini. Wale wavulana watundu ndio waliokuja kuitumia kuliko wote. Nami nikajua wao nao walikuwa na redio zao.

Likizo ikaisha, na harusi ya binamu ikawa mlangoni. Siku ya kurudisha vyombo, binti akaomba kwenda nami, na mlezi akasema basi twende sote. Tulianzia Nakawa. Mkenya alikijaribu kinanda chake, akanikagua kuanzia viatuni. "Kumbe hujakonda," alisema, na kwa Mkenya yule huko ni kuomba radhi.

Bwaise, binti ndiye aliyebeba ngoma kutoka barabarani. Shangazi aliipokea, akaipiga pigo moja kusikiliza ngozi, kisha akamtazama. "Wewe ndiye uliyekuwa unamwinulia mkono huyu?"

"Ndiyo, bibi."

"Alitii?"

"Ilikuwa inamuuma," alisema binti, "lakini alitii."

Shangazi alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Basi ameponywa yeye!"

Vyuma vya Katwe vilibaki vya mwisho, na sikuvibakiza kwa bahati mbaya: kibanda cha fundi ndicho kilichopakana na chumba cha mshonaji. Tuliposhuka, nyundo zilikuwa zimepamba moto. Nilimwona binti anakaza meno. Mlezi akamshika kiwiko, naye akakitoa taratibu. Alitembea hadi kibanda cha fundi wetu, akasimama mbele yake na mzigo wa vyuma kwapani, akainua kiganja.

Nilikuwa nimemsimulia fundi yule habari ya mkono, naye alikuwa amenicheka kama kawaida yake. Sasa nyundo ilikuwa hewani. Alimtazama binti, akanitazama mimi, akaishusha pembeni bila kugonga kitu.

Kibanda kile kikanyamaza. Vingine vyote viliendelea.

"Wale hawanijui," binti alisema, akisikiliza.

"Hawakujui, mwanangu," fundi akajibu. "Lakini mimi nipo hapa karibu. Ukiona mbaya, kuja tu, inua. Mimi nitaacha."

Binti alishusha mzigo kutoka kwapani. Akamkabidhi vyuma. "Endelea, baba," alisema, akageuka, akaingia mlango wa pili, kwa mshonaji. Nyundo ilipoanza tena nyuma yake niliona shingo yake ikikakamaa, kisha nikasikia cherehani.

Fundi alivihesabu vyuma vyake mara mbili, makusudi, huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Vilitimia. Tangu saa ile hakuna mtu Kampala anayenidai kitu.