Skurubu Mbili za Mwalimu

Juzi nilipeleka redio kwa fundi mmoja wa Igogo, nikamkuta akihamishia bodi ya kompyuta pekee ya shule kwenye kasha la kompyuta nyingine. Mwalimu aliyeileta alikaa mbele yake akihesabu skurubu, kama tunavyofanya sote tukihofia kuibiwa vifaa. Matundu mawili ya bodi hayakulingana na ya kasha, lakini mashine iliwaka.

"Zimebaki mbili," mwalimu alisema bila kunyanyuka.

"Hizo hazina pa kushika, mwalimu."

"Ulifungua sita, fundi. Rudisha sita."

Fundi akatoboa kasha pembeni, akazikaza kwenye bati tupu. Mwalimu akazigusa kwa kidole, akaridhika, akabeba mashine yake.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba ofisini kwetu pia tupo wawili tuliokazwa hivyo hivyo: hatushiki kitu, ila idadi imetimia.