Siri Yetu ya Nje ya Chumba cha Usaili

Jamani, bado naona haya. Mimi na mume wangu Salim, madaktari wa Ibra, huku Uarabuni, tuliomba mafunzo ya ubingwa pamoja. Tuliapa: akikosa mmoja, tumekosa sote. Tulipokuwa tukingoja usaili, kando yetu mzee mmoja alisoma gazeti la Kiarabu. Nikamwambia Salim kwa Kiswahili, bila hofu, "Wakikuuliza, sema utakwenda hata peke yako. Na mie nitadanganya vivyo hivyo."

Kuingia ndani, kumbe mzee ndiye mwenyekiti wa jopo! Hata hapo sikushtuka. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Mumeo akikosa, utakuja?"

"Nitakuja," nikajibu, kifua mbele.

Akavua miwani. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha Unguja, kitamu kuliko changu, "mbona pale nje hukusema hivyo?"

"Shikamoo," nikasema. "Bila yeye siji."