Siku Nilipofuta Maonyo Yote

Mwaka ule nilikuwa naandika programu ya kusajili chanjo za watoto. Ilitumika kwenye vituo viwili: Kitshanga, nilikokaa, penye kompyuta mpya, na Walikale, penye kompyuta kuukuu iliyokataa kila toleo jipya la lugha ya kompyuta niliyoandikia. Kode yangu ilipaswa kueleweka na matoleo yote mawili, la zamani na la sasa.

Linta, yaani programu inayokagua kode, haikupendezwa. Kila nilichoandika kwa ajili ya Walikale ilikipigia mstari wa manjano: mtindo huu umepitwa, andika upya. Maonyo yalifika mia na kitu. Sikuyajali, mpaka mkubwa wetu alipokuja kutoka Goma akainama juu ya skrini yangu. Kode hakuijua hata neno, lakini kuhesabu alijua.

"Kaka, mbona hii kazi iko na makosa mingi hivi?"

"Patron, si makosa. Ni maonyo tu."

"Muntu mwenye akili anaonywa mara mia?"

Niliona haya. Linta ilikuwa na kitufe cha kusahihisha yote kwa mpigo, nikakibonyeza. Manjano yakafutika. Mkubwa akanipongeza mbele ya wenzangu, nami nikazipokea pongezi kwa unyenyekevu, kama mtu aliyetoka jasho. Nikaijaribu programu palepale Kitshanga, ikaenda vizuri. Nikaituma Walikale kwa flashi, mkononi mwa dereva wa lori.

Baada ya wiki muuguzi wa Walikale akanipigia simu.

"Papa, programu yako haifunguke. Bamama banapanga mustari hapa inje tangu asubuyi."

Nilipanda pikipiki. Baada ya siku mbili za matope nilimkuta, mama wa makamo, akiandika majina kwenye daftari kubwa, kompyuta ameigeuzia mgongo. Niliiwasha. Ilikwama kwenye sahihisho la kwanza kabisa, nikamweleza kwamba nilikuwa nimebadilisha kode.

"Nani alikuambia ubadilishe?"

"Programu ingine, Mama. Inakagua kode."

"Ilishafika huku Walikale?"

"Hapana."

"Na wewe, hiyo njo uliisikiliza."

Nilirudisha kode ya zamani, kisha, kwenye kompyuta yangu ya mkononi niliyokuja nayo, nikaiambia linta jambo nililopaswa kuiambia tangu mwanzo: toleo la chini kabisa tunalolitumikia ni lile la Walikale. Ikanyamaza papo hapo, yakabaki maonyo matatu tu. Mawili niliyazima, kila moja nikaliandikia sababu pembeni. La tatu lilikuwa kosa langu la kweli, lililojificha miezi yote katikati ya yale mengine: watoto waliozaliwa mwisho wa mwezi walipewa tarehe isiyo sahihi ya chanjo ya pili.

Nilimwambia muuguzi. Hakunigombeza. Tulipekua orodha, yeye akisoma, mimi nikilinganisha, tukapata watoto watatu waliopitwa na chanjo hiyo. Akavaa buti zake za mvua, akaenda mwenyewe kuwaita mama zao.