Namba Thelathini na Moja

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana yake, fundi fremu alipita ukumbini na kitambaa chenye unyevu akifuta vioo vya vyeti. Vilikuwa kumi na tisa, vyote vya watu wa ukoo, vimepangwa ukutani kuanzia cha zamani kabisa hadi cha juzi, na kila fremu aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Vingine alivipitishia kitambaa harakaharaka, kama mtu anayepangusa meza. Cha kwanza, cheti cha shule cha kaka yake, hakukifanyia hivyo. Alikifuta, akarudia, kisha akaweka kidole gumba kwenye kona ya chini, akakibana hapo kitambo. Ndipo alipoanza siku yake. Mbao ya kona hiyo ilikuwa inang'aa kwa kuguswa.

Msichana aliyeishi naye, mtoto wa mdogo wake wa kiume, aliitazama tabia hiyo kwa miaka yote minne ya chuo kikuu. Alidhani Shangazi ananyoosha fremu iliyopinda. Hakuuliza. Nyumbani walimwita Msomi, na ingawa vitabu alivimaliza upesi, kumuuliza mtu swali uso kwa uso kulimtoa kijasho.

Jambo lingine pia hakuuliza. Shangazi alimfundisha kukata kadi ngumu inayokaa kati ya cheti na kioo. "Kadi izibe ukingo," alimwambia. "Mgeni aone jina na shule, basi. Namba ya mtihani haimhusu." Fremu kumi na nane zilikuwa hivyo. Ile ya kwanza peke yake, kadi ilikuwa imekatwa kijidirisha pale konani, na namba ya mtihani ilionekana wazi: 31.

Jumamosi ukoo wote ungekusanyika kumpongeza Msomi, aliyepata shahada, na kugawana kijitabu cha historia ya familia. Kazi ya kukiandika alipewa yeye, kwa kuwa, walisema, mtu asiyepiga domo ana muda wa kuandika. Basi Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye shule waliyosoma wakubwa wake, akaomba kupiga picha daftari la zamani la mitihani, apambe nalo ukurasa wa kwanza. Karani akalifuta vumbi, akamfungulia. Msomi akapiga picha, akasoma alichopiga, akarudi nyumbani bila kumuaga karani.

Mpiga chapa alitaka ukurasa huo kabla ya saa kumi. Saa tisa na nusu Msomi alikuwa ameketi kwenye kona ya karakana, kompyuta mapajani. Shangazi alikuwa mezani akikata kioo cha fremu ya ishirini, ya Msomi mwenyewe. Na kwenye kiti cha wateja, kikombe cha chai mkononi, alikaa Baba Mkubwa, mwalimu mstaafu, mwenye cheti cha kwanza.

"Haya, Msomi, nisomee ukurasa wangu," alisema. "Na usimung'unye maneno. Hapa si maktaba."

"'Wa kwanza katika ukoo wetu ku... kufaulu mtihani...'"

"Umemeza nzi? Kwani mimi nilifaulu kwa kunong'ona? Shule nzima ilipiga makofi! Muulize shangazi yako, tulikuwa darasa moja. Alinikuta hapo kwa sababu mimi walinirudisha mwaka kwa ajili ya homa."

"Homa ya hesabu," alisema Shangazi bila kuinua macho.

Baba Mkubwa alicheka hadi chai ikamwagikia goti, akakiweka kikombe mezani. "Haya, homa ya hesabu! Lakini nilipona. Wewe mwenzangu mtihani ukakupiga chini, ukaishia kwenye mbao."

Kalamu ya kukatia kioo ilisimama. Fundi hasimami katikati ya mstari, hilo lilikuwa somo la kwanza alilompa Msomi. Kioo kilipasuka, ufa ukaenda upogo hadi pembeni.

Msomi alipiga moyo konde. "Baba Mkubwa, asubuhi nilikwenda shuleni. Nimepiga picha daftari la mtihani. La mwaka wenu."

"Lile si liliharibika? Paa lilipoezuliwa, mvua ikaingia..."

"Liliharibika jalada tu."

Hakuweza kusema zaidi, kwa hiyo aliinuka, akaiweka simu mezani kati ya kikombe na kioo kilichovunjika. Maandishi yalikuwa ya mkono, lakini yalisomeka bila shida. Namba 30, jina la Baba Mkubwa: ameshindwa. Namba 31, jina la Shangazi: amefaulu, daraja la kwanza.

Baba Mkubwa aliisogeza simu mbali, akaivuta karibu, akavua miwani.

"Futa," alisema.

Msomi aliiacha simu pale pale.

"Futa, mama yangu," akamwambia Msomi tena, sasa kwa sauti ya chini. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, wakazungumza, wakakubaliana kwamba msichana ataolewa. Nikapewa karatasi ina jina langu. Ningefanyaje, niichane? Namba hawakuibadilisha, maana ilishapigwa muhuri." Akaacha kuitazama simu, akamtazama yeye. "Nani alikupakata akakufundisha kusoma? Nani alisimama nawe kwenye foleni ya chuo siku mbili, miguu imevimba? Leo unataka kunivua nguo mbele ya wajukuu?"

Kila alilosema lilikuwa kweli. Msomi aliikumbuka ile foleni, na jinsi Baba Mkubwa alivyokuwa akimkinga jua kwa bahasha ya vyeti vyake. Machozi yalimlengalenga. Simu ikalia mezani, ikitetemesha vipande vya kioo.

"Dada, mashine inanisubiri," alisema mpiga chapa. "Ukurasa wa kwanza vipi?"

"Dakika tano."

"Tano za saa yangu au za saa yako?"

Msomi alikata simu. Baba Mkubwa alikuwa amemkazia macho dada yake.

"Mwambie basi wewe. Miaka arobaini na sita umekaa nalo, hujasema neno. Mwambie yamekwisha."

Shangazi aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja, akavifunga kwenye gazeti. Alikwenda ukumbini. Walimsikia akitungua kitu ukutani. Aliporudi aliilaza ile fremu mezani, kando ya simu, namba kwa namba.

"Kumi na nane nimeziba," alisema. "Hii nimeiacha wazi. Kila Jumapili unakuja, unakunywa chai chini yake. Nilikuwa nangoja uisome, kaka."

Baba Mkubwa aliinama juu ya fremu. Alinyoosha kidole kwenye kile kijidirisha, lakini hakukigusa kioo. Shingo yake, iliyozoea kusimama mbele ya madarasa, ilikuwa imelegea.

"Watoto wataniitaje sasa?"

"Mwalimu. Kwani hukufundisha? Ulifundisha miaka thelathini na mitano, na ulifundisha vizuri. Hayo yote yaandikwe, sina ugomvi nayo."

"Na lile la kuwa wa kwanza?"

Shangazi aliisogeza fremu karibu naye. Baba Mkubwa alivaa miwani yake, akaivua tena. Hakusema tena futa, wala hakusema usifute. Simu ilianza kulia kwa mara ya pili, na safari hii Msomi aliiacha ilie.

Alirudi kwenye kona yake, akaifungua kompyuta. Sentensi ilikuwa pale pale, wa kwanza katika ukoo wetu, na alama ya kuandikia ikipepesa mbele ya jina. Alilifuta jina. Hapo akainua uso, akamtazama Shangazi machoni, akauliza swali ambalo kwa miaka minne hakuthubutu hata kulikaribia.

"Shangazi, wewe unataka niandike nini?"

Shangazi alijifuta vidole kwa aproni.

"Andika nilifaulu."